Goti Moja, Kama Ulivyonifundisha

Bwera, Jumapili baada ya misa

Baba yangu,

Nakusalimu kwanza, maana mama alitufunza kwamba hata mwenye hasira haweki ugomvi mbele ya salamu. Mgongo wako unaendeleaje? Baridi ya Butembo imepungua, au bado unalala na koti? Na mama, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nakwenda kazini kwa Mama Biira, mwenye studio, na siku za soko pale Mpondwe, mpakani, watu hutujazia mlango wakitaka picha. Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Barua yako aliniletea Mama Kavira, jirani yetu muuza vitenge, nikaisoma nimesimama palepale sokoni, katikati ya wauza samaki. Nyumbani nikaisoma tena, nikidhani labda macho yamenidanganya. Unasema nimekuaibisha. Unasema niende Mahango kuwaomba wazee msamaha, kisha kamera uliyonipa nimpe Mama Kavira aipeleke kwa ndugu yangu Kambale, kwa kuwa kamera ni kazi ya wanaume. Baba, nimekasirika, na sikufichi. Umeamua kesi kwa kusikia upande mmoja, na hata huo umeusikia kwa midomo ya soko.

Haya, upande wangu ni huu. Tuliitwa Mahango, kule juu mlimani, kupiga picha za posa. Bibi yake bi harusi ni mzee sana, hawezi tena kutoka nje, na familia ilitaka picha yake kabla Mungu hajamwita. Wakamkalisha kwenye kiti ndani ya nyumba yenye dirisha moja dogo. Flashi wakanikataza, kwa sababu macho yake yalikuwa yametoka kutibiwa. Wewe unajua maana yake. Mwanga ukiwa haba, kamera inakawia kufumba, na mkono ukicheza hata kidogo sura inayeyuka.

Basi nikafanya ulivyonifundisha. Goti la kulia chini, la kushoto juu. Kiwiko cha kushoto nikakipitisha mbele kidogo ya goti, mfupa usikae juu ya mfupa. Kiganja chini ya lenzi kama mtu anayepokea bakuli la uji. Kiwiko cha kulia kikagusa mbavu, kamera ikaegemea paji la uso. Nilikuwa nimeanza kutoa pumzi niliposikia sauti nyuma yangu.

"Wewe musichana! Nani alikufundisha kukaa hivyo mbele ya wazee? Magoti mbili, chini! Haraka!"

Alikuwa mjomba wa bi harusi, mwanajeshi mstaafu, kila mtu anamwita Afande. Huku mwanamke mbele ya wakubwa hupiga magoti yote mawili, nami nilipoingia nilipiga yote mawili, nikasalimu vizuri. Lakini goti moja likiwa juu, wanasema ni dharau.

"Afande, kusalimu nimeshasalimu," nikamwambia. "Sasa napiga picha. Nikikaa unavyotaka, itaharibika."

"Unabishana na mimi? Nimesema chini!"

Watu wakacheka, Baba. Shangazi zake bi harusi walicheka wakifunika midomo kwa kanga. Nikashuka. Viwiko vikabaki vinaning'inia hewani bila pa kuegemea. Nikabonyeza hivyohivyo.

Fundi wa Kasese alipoisafisha ile filamu, bibi wa watu alikuwa na pua mbili. Afande akashuka mpaka Bwera, akaitupa picha mezani mbele ya wateja. "Mikono inatetemeka kama ya mulevi! Mwanamuke na kamera, wapi na wapi?" Kisha akawatuma wachuuzi wanaovuka wakupelekee habari. Nawe ukaipokea, ukaikalisha kiti cha mbele.

Afande sina neno naye kubwa. Hajui kamera. Lakini wewe? Si wewe uliyekuwa ukituweka uani nyuma ya parokia, mimi na Kambale, unaweka punje ya haragwe juu ya kamera, unasema bonyezeni, na likianguka hamjui kitu? La Kambale lilianguka kila siku, akanuna, akaenda zake kucheza mpira. Langu likakaa. Ukacheka, ukasema kila mtoto na mkono wake. Mkono huo umekuwa wa kike lini? Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kelele zote za Afande.

Msamaha sikuomba. Nilipanda tena Mahango na filamu niliyoinunua mwenyewe. Afande alikuwa mlangoni.

"Umerudi kupiga magoti?"

"Nimerudi kupiga picha."

Bibi akasikia kutoka ndani. "Ni nani huyo?"

"Ni ule musichana wa kamera, mama. Ule wa dharau."

"Aingie."

Nikaingia, nikamsalimu kwa magoti yote mawili, kisha nikainua moja, nikamweleza kwa nini. Akanitazama kwa yale macho yake mapya. "Kaa hivyo, mutoto," akasema. "Mimi nilipiga magoti mbili maisha yote, na sasa yote mbili imekufa."

Afande akageuka kutazama migomba. Nikatoa pumzi nusu, nikabonyeza.

Picha ndiyo hii niliyoambatanisha. Tazama kitambaa cha kichwani, nyuzi zake zinaonekana moja moja. Afande alichukua ya kwake bila hata asante, na najua hajamtuma mtu Butembo kukueleza. Habari ya kosa la mwanamke huvuka mpaka bila karatasi. Ya kazi yake njema bado iko Mpondwe inasubiri muhuri.

Nisalimie mama sana, na shangazi muuza unga, na katekista wetu, mwambie nguo aliyonipa safarini naivaa. Kambale naye msalimie. Sina ugomvi naye, hakuomba kamera, najua.

Ndani ya bahasha utakuta punje ya haragwe. Azima kamera kwa jirani, uiweke juu yake, umpe Kambale apige goti apendavyo, na abonyeze. Likikaa, niandikie, nitakuja nimkabidhi kamera kwa mikono hii hii. Likianguka, liokote umpe mama alipike na mengine.

Binti yako, uliyemfundisha mwenyewe,

Masika