Simba Saba wa Kofia za Njano

Noonkopir, Kitengela,
Kajiado.
Jumatatu, 18 Agosti 2025.

Mpendwa wifi yangu Naisenya,

Takwenya, Mama Lemein. Najua uko peke yako huko Dublin, lakini itikia tu, hata kama hakuna anayekusikia. Hujambo? Kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea kwa simu kimeisha? Nasikia huko hata mwezi wa nane watu wanavaa sweta. Sisi huku tu wazima. Kaka yangu Munguti, baba Lemein, bado yuko safarini na lori. Alipiga simu Ijumaa akiwa Juba, akasema joto linammaliza lakini chakula anakula.

Kabla ya mengine yote: Lemein ni mzima. Ninapoandika mstari huu yuko hapa chini ya meza, amegeuza kifuniko cha sufuria kuwa usukani. Nimetanguliza hilo makusudi, maana mbele kuna habari ambayo sikuweza kukwambia kwa simu. Ungelia, nami ningelia, bando lingeisha na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Mama yako, ambaye siku hizi hata mimi namwita Koko kama watoto, alikuja kutoka Ewuaso Kedong kukaa nasi wiki nzima. Tusifichane, wifi. Wewe na mimi tunajua alitaka Lemein akae kwake mpaka urudi, ukamleta kwangu kwa ajili ya shule. Hajawahi kuninunia, lakini siku aliyofika alimpapasa mtoto mbavu, akamfungua mdomo akatazama meno. Nikajua ninakaguliwa. Nikaamua Jumamosi tutoke, aone mwenyewe jinsi mjukuu wake anavyocheka akiwa kwangu.

Kuna mahali pa michezo ya watoto pamefunguliwa huku, ukitoka kidogo barabara ya Namanga. Pana treni ndogo, farasi wa kuzunguka, na lile jumba la upepo la kurukaruka. Nilichukua wangu watatu, Lemein, na watatu wa jirani yangu Jacinta. Jumla saba. Langoni kila mtoto alipewa kofia ya njano, nikawapanga mstari na kuwahesabu kwa kidole. Koko akaushika mkono wangu akaushusha.

“Usinyoshee watoto kidole,” akasema. “Watoto hawahesabiwi.”

Hata kwetu Ukambani wazee walikuwa hawapendi jambo hilo, lakini unanijua mimi. Kule kiwandani EPZ nahesabu mashati kutwa, na shati likipotea mimi ndiye wa kwanza kujua. Nikacheka kimoyomoyo. Nikajisemea mama wa watu amezoea mbuzi, hapa ni mjini.

Basi watoto wakaenda kupakwa rangi usoni. Wote walitaka simba. Wakarudi na masharubu na pua nyeusi, wamejaa furaha mpaka nikasahau miguu yangu inavyouma. Siku hiyo kulikuwa pia na watoto wa Sunday school ya huko Kimuka, nao wana kofia hizohizo, nao ni simba. Hilo halikunisumbua hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Baada ya farasi, saba. Baada ya treni, saba. Tulipoketi kwenye nyasi kunywa juisi, saba tena. Nilijiona mlezi hodari kuliko wote Kajiado nzima.

Koko hakuwa anahesabu. Alikuwa amekaa na fimbo yake anatazama wanavyotembea. Mtoto mmoja akainuka kwenda kutupa chupa kwenye pipa, na Koko akasimama ghafla.

“Hii si yetu. Yetu inavuta mguu ya kushoto. Lemein iko wapi?”

Nilimvua yule mtoto kofia. Wifi, alikuwa msichana! Nywele fupi, suruali ya jinzi, masharubu ya simba. Nikamuuliza jina, akasema Nailantei. Nikamuuliza mbona amekaa nasi na kunywa juisi yetu bila kusema kitu. “Hamkuniuliza,” akajibu, akaendelea kunywa.

Nikamuuliza alikuja na nani. Akasema na mwalimu, kwa basi. Akaonyesha langoni, na basi lenyewe lilikuwa limeshawasha injini.

Sijui nikuelezeje. Koko akanisukuma mgongoni: “Kimbia! Mimi nabaki na hawa.” Nilimbeba yule msichana kiunoni nikakimbia na kiatu kimoja, kingine mpaka leo sijakiona. Njia nzima nilikuwa nakuona wewe ukipokea simu.

Nililigonga basi ubavuni kwa kiganja mpaka likasimama. Mwalimu wao, kijana anayeitwa Melvin, akateremka akinituliza. “Madam, watoto wetu wote wako. Nimehesabu mara mbili, kumi na nane kamili.” Nikamwambia hata mimi nilihesabu mara tatu, kisha nikamkabidhi Nailantei wake. Akanifungulia mlango wa basi.

Lemein alikuwa kiti cha nyuma, kando ya dirisha, shavu limejaa. Hakuwa na habari kwamba amepotea. “Anti,” akaniambia, “hawa wako na mandazi.” Nilimshika nikalia mbele ya basi zima, na watoto wa Kimuka wakanipigia makofi, wakidhani ni mchezo mwingine. Mwalimu Melvin naye alikuwa anajifuta macho. Koko alipompokea alimtemea mate ya baraka kichwani, akamfuta rangi usoni kwa ncha ya shuka, mpaka sura ikatoka yote.

Kwangu hakusema neno. Hilo ndilo lililoniumiza. Jana asubuhi alikuwa anaondoka, nami kwa aibu nilikuwa nimekunja nguo za Lemein, nikaziweka kwenye begi mlangoni. Nilijua atamchukua, na nilijua sina la kujitetea. Mashati yote yanafanana, ukipata idadi umemaliza. Nilikuwa nimewaweka watoto kwenye hesabu hiyohiyo.

Koko alilitazama begi. Kisha akaniketisha kizingitini, mgongo wangu uelekee uani ambako watoto walikuwa wakikimbizana, akanifunika macho kwa kiganja chake.

“Huyo nani?” akauliza.

Nikasikiliza. Nikasema Syokau, yeye hukimbia kwa vidole vya miguu. Ndiye. Akauliza tena, nikasema Mutinda, nikakosea, alikuwa wa Jacinta. Halafu zikapita hatua nyingine, moja nzito na moja ya kuburuta.

“Huyo ni Lemein,” nikasema. “Anavuta mguu kama baba yake.”

Koko akaniondolea mkono machoni. Akalichukua begi, akalirudisha chumbani, na nguo akazimwaga kitandani. “Kaa naye,” akasema. Akashika fimbo yake akaenda zake stendi.

Jana usiku nimelala usingizi ambao sijalala tangu uondoke mwezi wa tano. Lakini wewe ndiye mama yake, na ilikuwa haki yako kujua. Ukiamua vingine, nitakubali bila kinyongo.

Wanakusalimu Jacinta na nyumba yake. Wanakusalimu Mutinda, ambaye ameng'oka jino, Syokau, na mdogo wao Kitheka anayekoroma. Lemein anasema ukirudi uje na basi. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Giza limeanza kuingia, nimewaita ndani. Walipita mlangoni nikiwa nimewapa mgongo, nikiosha vyombo. Wameingia wote.

Wako akupendaye, wifi yako,
Muthoki.