Lile "Kaa" Nililomwambia Saidi

Mjukuu wangu na mume wangu Hamisi,

Marahaba. Hapa Kinjumbi tu wazima, na mama yako kajifungua mtoto wa kike.

Naona mwalimu wako wa Kiingereza amekuteka. Kila mstari wa barua yako ni yeye, nami naona wivu. Unauliza kama tunalo neno fupi lenye maana chungu nzima, kama hiyo "get" yake. Tunalo: kaa.

Enzi za Mdachi nilimpenda jirani yetu, Saidi. Siku moja, nikiwa nje ya ua, nilimsikia akimwambia dada yangu Zaina, "Kaa." Nikajua anamkaribisha ubavuni pake, nikamnunia dada miezi mizima. Kumbe kaa la moto lilikuwa limerukia kaniki yake. Tundu la nguo hiyo Zaina alinionyesha baadaye sana.

Vita vya Maji Maji vilipoanza, Saidi alipita kutuaga. Nilikuwa nimetoka mikokoni na kikapu cha kaa, na Zaina yuko kando yangu. Sikutaka asikie mengi, nikasema neno moja tu: "Kaa."

Saidi akachungulia kikapuni, akacheka. "Niwekee wawili, nitakula nikirudi."

Alipofika njiapanda, Zaina akaniambia taratibu, "Mwite, umwambie vizuri."

Nami kwa wivu nikamjibu, "Mwite wewe."

Hakuna aliyemwita, wala hakurudi.

Likizo hii njoo ukae na mimi, mume wangu. Nimeandika kirefu usije ukadhani nakuitia kitoweo.

Bibi yako,
Somoe