Gari la Kimo cha Kitanda

3 Februari

Kwako binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakula vizuri na kulalamika vizuri, kwa hiyo ujue ana afya.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yangu inapaza sauti kama redio, na baba yako anasikia kila kitu kutoka kitandani. Hili la gari asilijue mpaka liwe getini. Akijua mapema atasema hapana, na hapana yake unaijua. Barua nampa dereva wa lori la unga, ni mtu mwaminifu, suruali zake zote nashona mimi.

Mwanangu, uliposema unahamishiwa hospitali ya huku na utanunua gari jipya, nilikaa chini. Jipya! Kwenye ukoo wetu hata baiskeli hatujawahi kuitoa kwenye nailoni. Mjomba wako anasema kwa hela hiyo ungepata kubwa lililotumika, la watu saba. Nikamwambia lako la watu saba kila wiki linasukumwa na watu saba. Akanuna. Wewe nunua hicho kidogo chenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, kiwe kipya, kisije kikazima njiani ukiwa na mtu asiyeweza kutembea.

Maana neno lenyewe ni hilo. Tangu baba yako aanguke kwenye jukwaa la ujenzi akakatwa mguu, mwaka wa tatu huu hajavuka geti. Unakumbuka siku ya kutoka hospitali, vijana wake wa ujenzi walivyomnyanyua kumwingiza kwenye teksi, suruali ikateremka mbele za watu. Aliniambia, "Sibebwi tena kama mfuko wa saruji." Ila mikono yake bado ina nguvu. Kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu anahama mwenyewe. Basi kiti cha gari kikiwa na kimo cha kitanda chake, ataingia mwenyewe. Kikiwa juu au chini, ni kubebwa tena, na yeye hatatoka.

Ndani ya bahasha kuna uzi mnene. Kutoka mwanzo mpaka fundo la kwanza ni kimo cha kitanda kutoka sakafuni. Kutoka mwanzo mpaka fundo la pili ni urefu wa kile kiti chake kikikunjwa, uone kama kitaingia kwenye buti. Namba sikuandika. Tepu yangu imekatika, inaanzia saba, mimi nimezoea kutoa kichwani lakini wewe tungechanganyana. Nenda na uzi.

Na ule kabla ya kwenda, usiende kuamua mambo makubwa na njaa.

Mama yako

12 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, sasa usiulize tena. Nimefurahi kusikia baba analalamika.

Jana nilizunguka na uzi wako. Duka la kwanza, muuzaji ana tai mpaka tumboni. "Dada, tazama skrini hii, inaonyesha hata njia ya kwenu." Mimi nikapiga magoti mlangoni, nikatoa uzi. Akauliza, "Wewe ni fundi cherehani?" Nikamwambia fundi ni mama, mimi natoa watu damu maabara. Akamwita mwenzake waje wacheke wote. Nikawaacha wacheke, nikaondoka.

Duka la tatu nilimkuta mama mmoja mtu mzima. Hakucheka. Alishika ncha ya pili ya uzi akauliza ni wa nini. Nilipomweleza, akavua viatu, akavuta stuli, akaikalia, akajaribu kuingia garini kwa mguu mmoja. Mama, ungemwona!

Pale kuna magari mawili ya kufaa. La kijivu kiti chake kiko sawasawa na fundo la kwanza, kama vile walipima kwa uzi wako. La buluu ni la bei ya chini, lakini kiti kiko vidole vitatu chini ya fundo. Nimelipenda la buluu, ila gari si la kupenda. Nachukua la kijivu. Litamaliza akiba yangu yote ya miaka minne, na friji na televisheni nitauza. Haidhuru, niliishi bila friji nikiwa chuoni.

Jumatatu tarehe 20 nakwenda kulipa. Msalimie baba bila kumwambia kitu.

Binti yako

16 Februari

Binti yangu,

Salamu nitakupa mwisho. Usilipe! Mama yako amekosea.

Kitanda nilikipima baba yako akiwa bafuni, ili asinione. Jana nimempelekea chai, nikamwona anakaa, godoro likadidimia chini yake. Miaka thelathini napima watu wakiwa ndani ya miili yao, halafu kitanda nikakipima mtu hayupo! Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejichapa kwa rula.

Nikajifanya nimeangusha sindano, nikapiga magoti, nikapitisha uzi pembeni mwake. Akaniangalia. "Wewe mwanamke, unanipima sanda?" Nikamwambia sanda haipimwi mtu akiwa anakunywa chai. Akasema basi sindano unaitafuta kwenye paja langu? Nikatoka mbio.

Kweli yenyewe ni vidole vitatu chini ya fundo. Vidole vyangu, si hivyo vyako vyembamba. Na huko dukani mtu akae kwanza ndipo upime, mtu mzito, si wewe. Huyo dereva nimemwapisha akufikishie kabla ya Jumatatu. Silali mwanangu, nikifikiria hela yako imekwenda kwa fundo langu.

Salamu ndiyo hizi. Sisi wazima, mimi moyo tu.

Mama yako

21 Februari

Mama yangu,

Shikamoo, na tuliza moyo. Dereva alinifikia maabara jana saa nne, nimeshaomba ruhusa, mkoba begani. Hata koti la kazi sikuvua, nikaenda nalo.

Yule mama wa dukani alimwita mlinzi wao, mwili wake ni kama wa baba. Tukamkalisha kwenye la buluu, tukapima kwa vidole vya huyo mama maana ni vinene kama vyako. Akiwa amekaa, ni vidole vitatu chini ya fundo, maana kiti kilishuka nusu kidole tu. Mlinzi akasema hilo gari limemfaa, tumwachie.

Nimelipia la buluu. Jipya, viti bado vina nailoni. Friji langu linabaki. Kiti cha baba kikikunjwa kinaingia nyuma, ila lazima nusu ya kiti cha abiria wa nyuma ilazwe. Nafasi yako inabaki moja, magoti yakikaribia kidevu.

Jumamosi tarehe 4 nakuja. Kama hatataka, mama, basi tena, hatutamlazimisha. Nitaliendesha kazini na sitamwambia lilipimwa kwa ajili ya nani.

Binti yako

6 Machi

Binti yangu,

Natumaini ulifika salama na hukukimbiza gari kule kwenye kona. Sisi wazima sana. Magoti yangu yanauma, lakini ningekaa hata juu ya paa.

Jana mjomba wako amekuja. Kabla hajakaa, baba yako anamwambia, "La kwetu ni la kilomita sifuri." Nikasema sifuri lilikuwa, sasa limeshatembea. Akanijibu, "Wewe shona."

Nina neno la kukuambia. Juzi baba yako aliposema, "Mnataka kunibeba," ukamjibu hakuna atakayemgusa, naye akasema, "Basi geukeni wote," wewe uligeuka kweli, ukasimama kama askari. Mimi niligeuka nikatazamana na kioo cha dirisha la jikoni. Mungu anisamehe, niliona yote.

Mara ya kwanza alirudi chini kwenye kiti chake cha magurudumu, kishindo ulikisikia. Nikauma mtandio nisiseme kitu. Akapumua, akatazama kama tumegeuka bado. Mara ya pili akashika ukingo wa mlango, akajirusha, akakaa. Akauvuta mguu ndani kwa mkono.

Ule muda mrefu wa kimya uliofuata, najua ulidhani anahangaika. Hakuwa anahangaika, alikuwa ameshakaa. Alipitisha kiganja kwenye ukingo wa mlango, juu mpaka chini, polepole, kama anavyopima plasta ya ukuta wa fundi mwingine. Tangu anioe sijawahi kumwona akipima kazi ya mtu asikute kasoro, hapa pamepinda, hapa pana tundu. Safari hii hakukuta. Akakutazama mgongoni, umesimama wima na funguo mkononi. Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena.

Ndipo akakunja uso, akafoka, "Mnangoja nini?"

Mama yako