Swali la Mara ya Pili

Gare, 12 Februari 2005

Mwanangu Scholastica,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe na mumeo Emanueli? Mimi mzima kabisa, hofu ni kwenu tu.

Henia yangu imekua, siwezi kubeba hata tenga la mapeasi. Daktari wa Lushoto anataka kunipasua mwezi ujao. Nilimweleza kwamba natumia vidonge vya virusi vya UKIMWI, akasema hivyo peke yake havinizuii kupasuliwa. Wanaangalia kinga, damu, uzito na pumzi. Akaniuliza kama nakohoa, na napumuaje nikipanda kilima. Nikajibu, "Mzima, daktari, namshukuru Mungu." Shangazi yako Klara, aliyenisindikiza, akanikata jicho mpaka nikaona haya. Sasa kikohozi cha baridi ya Gare nacho ni cha kumsumbulia daktari?

Baba yako,
Rubeni

Morogoro, 27 Februari 2005

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Emanueli anakuamkia.

Nimekasirika, baba, unisamehe. Wewe hata nyumba ikiungua, ukiulizwa hali utajibu "nzuri". Hiyo ni adabu ya njiani, hospitalini haifai. Daktari anapima hatari ya kisu kwa maneno yako pia. Ukimficha, atampasua mtu asiyemjua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama naye aliondoka akisema mzima. Rudi ukamwambie ukweli. Nimebaki na wewe tu.

Mwanao,
Scholastica

Gare, 20 Machi 2005

Mwanangu,

Umenichapa, nami fimbo nimeipokea. Salamu za shangazi yako hizi, anacheka.

Nilirudi Lushoto. Daktari aliponiuliza tena, nilifungua kinywa kusema mzima, nikamkumbuka mama yako. Nikasema yote: nakohoa tangu Krismasi, usiku shati linalowa jasho, na kutoka mtoni mpaka nyumbani napumzika kila kona. Hakunigombeza. Alinishukuru! Makohozi yamepimwa, ni kifua kikuu. Anasema ningepasuliwa hivi nilivyo, huenda nisingeamka. Kwanza dawa miezi sita, henia ingoje.

Baba yako

Morogoro, 30 Oktoba 2005

Baba,

Shikamoo. Wiki ya upasuaji uliyonitajia imepita na sijasikia lolote. Simu ya shangazi haipatikani. Naenda posta kila siku mpaka karani ananionea huruma. Niandikie hata mstari mmoja, au shangazi aandike. Nipo kwa rafiki yangu Mwajuma, barua ipitie kwake. Mimi mzima, usihofu.

Mwanao

Gare, 14 Novemba 2005

Mwanangu,

Leo sianzi kwa kusema mzima. Kidonda kinauma nikicheka, na Klara ananichekesha makusudi. Ugali nala nusu sahani. Lakini kidonda ni kikavu, kimefunga vizuri. Daktari anasema kifua kilikuwa kimepona na kinga imepanda, ndiyo maana mwili umestahimili kisu. Namshukuru Mungu, namshukuru yeye, na wewe nakushukuru kuliko ninavyojua kuandika. Ungeniogopa kwa kuwa mimi ni baba yako, leo ungekuwa unanililia.

Barua yako, hata hivyo, nimeisoma tena na tena. Haina salamu za Emanueli. Unalala kwa Mwajuma. Halafu unasema mzima, usihofu.

Mimi niliulizwa mara ya pili, bila kugombezwa, ndipo nikapona. Kitanda chako nimemwambia Klara akitandike. Nami nakuuliza mara ya pili: hujambo, mwanangu?

Baba yako