Pasaka ya Kompyuta

Athene, 18 Aprili 2024

Nona mpendwa, mama yangu wa ubatizo,

Hujambo? Nyonga yako inaendeleaje, na tanuri je, maana ukiulizwa habari zako wewe hujibu za tanuri. Mimi mzima, nakula, nalala, na blanketi lako bado najifunika ingawa joto limeshaanza, kwa hiyo usiulize.

Simu husikii, na ukisikia unakata. Basi barua hii naiweka ndani ya kikapu chako kitupu cha mikate, dereva wa basi atakufikishia.

Umesema kina mama wa kanisani wanakuuliza nafanya kazi gani, nawe unawaambia natengeneza kompyuta za serikali. Sitengenezi, Nona. Maduka ya nchi nzima hututumia hesabu za mauzo yao, nami, niliye wa chini kabisa ofisini, nazipokea na kuzisafisha. Duka moja la viatu huko Patra liliandika mauzo ya mwaka mzima kwa siku moja. Nilipompigia mwenyewe akaniambia, "Natamani ingekuwa kweli, dada yangu!" Kisha nazitia kwenye programu, nayo inaondoa kelele za majira, yaani Krismasi, Pasaka, likizo za Agosti, ili wakubwa waone kama biashara inakua kweli au ni sikukuu tu. Naipenda kazi hii mpaka naona haya. Asubuhi napanda ngazi mbilimbili.

Sasa habari mbaya. Programu yetu mpya, iliyonunuliwa nje baada ya kiangazi kilichopita, inadai kwamba mwezi wa Machi Wagiriki waliacha kula. Mauzo ya vyakula yameporomoka vibaya. Mkuu wetu, Bwana Tzortzis, anasema kosa lazima liko kwenye mafaili, na mafaili ni mimi. Ameniambia kwa upole, lakini ameniambia: niyapitie moja moja mpaka nilione, Pasaka au si Pasaka. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, siwezi kubisha. Itakuwa Pasaka ya kwanza kuikosa nyumbani kwako tangu unibatize. Nimelia kidogo chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Binti yako wa ubatizo,
Evanthia


Konitsa, 23 Aprili

Evanthia wangu, ptu, ptu, ptu, kijicho kikupitie mbali,

Mimi sijambo. Nyonga inalalamika na mimi nalalamika, tunapokezana zamu.

Huyo Tzortzis ana mama? Kama anaye, nipe anwani, nitazungumza na mwenzangu. Mtoto wa watu anafungiwaje ofisini usiku wa Ufufuko? Tangu Thanasis wangu afariki, ni wewe na mimi tu tunaogonganisha mayai mekundu ya Pasaka pale mezani. Mwaka huu nigonganishe na nani, na paka?

Mshumaa wako nimeshanunua. Mweupe, una utepe wa bluu. Najua umeshapita ishirini, na watu wanasema mishumaa ya mama wa ubatizo ni ya watoto wadogo. Waache waseme. Mimi nikiwa hai utapokea mshumaa wako kutoka mkononi mwangu, na usipokuja hautawashwa na mtu mwingine. Utakaa kabatini ukinitazama. Nimesema, sasa nimenyamaza.

Ngoja nikuchekeshe, maana barua yako ilikuwa na uso wa kilio. Mwishoni mwa Machi niliwapangisha Mjerumani na mkewe chumba cha juu. Jumapili asubuhi wakashuka wamependeza, wakanitakia Pasaka njema, wakataka mkate mtamu wa Pasaka, ule wa mayai na siagi. Na mimi niko katikati ya Kwaresima! Dukani hakuna hata yai moja la dawa, nauza pai za mboga kwa wanaofunga. Nikawaambia, "Jamani, Pasaka yetu sisi Waorthodoksi bado, mpaka Mei." Mume akahesabu kwa vidole, akamtazama mkewe. Nikawapa pai ya mchicha, wakaitafuna kimyakimya kama watu waliotoka mazishini. Mpaka leo kina mama wakipita mlangoni wananipigia kelele: "We Stamatia, wageni wako wameshiba?"

Mkate uliomo kikapuni ni wa kufunga. Ule, usiwagawie wote.

Mama yako wa ubatizo,
Stamatia


Athene, 27 Aprili

Nona, Nona, Nona!

U mzima? Mimi mzima kupita kiasi. Kaa chini kwanza.

Barua yako niliisoma mezani pangu huku nikicheka peke yangu. Nilipofika kwenye ile pai ya mchicha nikaacha kucheka. Nikafungua kalenda iliyomo ndani ya programu. Pasaka imeandikwa tarehe thelathini na moja Machi! Programu yetu inasherehekea na wageni wako, Nona. Ilikaa mwezi wa Machi ikisubiri Wagiriki wachinje wanakondoo, wakati wewe unauza pai za mboga. Ilipoona hakuna aliyenunua nyama wala mayai, ikadhani tumefilisika. Ile ya zamani ilijua Pasaka yetu. Hii hakuna aliyeifundisha.

Nikaenda kwa Bwana Tzortzis. Naye anafunga, alikuwa anakula zeituni na halva, ile haluwa ya ufuta.

"Bwana mkuu, Pasaka ni lini?"

"Tarehe tano Mei. Kwani huko kwenu Konitsa hakuna kanisa?"

"Lipo. Ila kompyuta yetu imeshaila Pasaka tangu Machi."

Akatazama skrini, akatazama halva yake, akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni. Akasema, "Humu ndani sote tunafunga, na hakuna aliyefikiria kuiuliza mashine kama nayo inafunga."

Lakini usiwashe tanuri kwa ajili yangu bado. Lazima niingize Pasaka zetu za miaka yote ya nyuma, hesabu nzima ipigwe upya, na wengine waikague. Ikikamilika Ijumaa Kuu, Jumamosi nitapanda basi. Isipokamilika, sitakuja. Sitaki kukuahidi kisha nikuvunje moyo. Ila mshumaa usiuweke kabatini.

Binti yako,
Evanthia


Jumamosi Kuu, karatasi imebandikwa mlangoni

Mwanangu,

Wiki nzima sina habari zako. Dereva amekileta kikapu kitupu, bila barua, na basi la mchana limekuja bila wewe. Hata hivyo nakuandikia kama mtu ninayejua anakuja. Ufunguo uko mahali pake. Supu ya nyama ya usiku iko jikoni. Ukiigusa kabla ya Ufufuko nitajua. Mshumaa sikuuacha mezani. Niko nao kanisani, upande wa kulia, karibu na mlango, na utepe wake nimeushika mkononi.

Nona


Chini ya karatasi hiyohiyo

Nona,

Naandika endapo tutapishana kwenye umati. Tumemaliza jana jioni, na basi la kwanza nikalikosa kwa kulala. Wagiriki wanakula, Nona, tena vizuri! Bwana Tzortzis amenipa yai jekundu la mkewe nikuletee, na amesema majaribio yangu yamekwisha, kazi sasa ni yangu.

Supu nimeonja kijiko kimoja. Kengele bado hazijalia. Shika utepe hivyohivyo, nakimbia.

Binti yako