Siku Niliyosimama Mlangoni kwa Mama Safari

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Maisaka tu wazima. Mama yako amevuna mbaazi, na mdogo wako amepata kipaimara.

Umeandika kwamba huko chuoni mnatafuta, ndani ya seli za saratani ya mapafu, alama za kuonyesha kama itapanda kwenye ubongo. Ukauliza kama ndiyo iliyomuua babu yako. Ndiyo.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, madukani hamna kitu. Babu yako alikohoa muda mrefu, kisha akaanza kuniita kwa jina la marehemu mama yake. Daktari aliniambia wazi, "Saratani ya mapafu imefika kichwani." Shemeji zangu hawakukubali. Walisema jirani yetu, Mama Safari, amemroga, wakaenda kumfukuza.

Niliwawahi, nikasimama mlangoni kwake.

"Shemeji, pisha," alisema mkubwa wao.

"Sipishi. Mkimtoa huyu, mnitoe na mimi."

"Huo ugonjwa wa kichwani umeonyeshwa?"

"Sijaonyeshwa. Na huo uchawi, nyinyi mmeonyeshwa na nani?"

Waliondoka wakinitukana. Mama Safari akawa anakuja kunisaidia kumlisha mume wangu uji, mpaka alipofariki. Kwenye mazishi nilimketisha ubavuni mwangu, mbele ya wote.

Zitafute hizo alama, Neema. Ukizipata, niandikie kwa Kiswahili. Shemeji zangu wawili bado wapo, nami nitawasomea mwenyewe.

Bibi yako wa Maisaka