Bata wa Bwawani

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila mimi nimechoka. Mvua imebomoa banda la kuku, na shemeji yako kila siku anasema atalitengeneza kesho.

Jumamosi nilimpeleka tena Baba bwawani kutazama bata. Unamjua: njia nzima alinifundisha kana kwamba sijawahi kuona ndege. Tulipoketi kwenye kibanda cha watazamaji, akaweka machoni ile darubini uliyomletea.

"Bata bukini watatu, pale kwenye matete," akasema.

"Baba, pale hapana kitu. Bata wote wako huku kwenye ukuta wa bwawa."

"Huna subira wewe. Ndiyo maana huoni."

Tulibishana mpaka wenzetu kibandani wakatukata jicho. Nikamgeukia nimpe jibu lake, ndipo nikaona darubini bado ina vifuniko vyake mbele.

Nikamuuliza taratibu ameacha kuona tangu lini.

"Nawasikia vizuri tu," akasema. "Usimwambie kaka yako, atahangaika bure."

Daktari anasema jicho la kulia likipasuliwa sasa litaona. Baba hataki. Nimembembeleza, nimefoka, nimelia. Mimi ninayemfulia na kumpikia hanisikii. Anakusikia wewe unayepiga simu sikukuu hadi sikukuu. Jambo hilo linaniuma, lakini ndivyo alivyo. Mpigie leo hii, umwambie akubali, na usimwambie kwamba nimekuomba.

Mdogo wako, mwenye hasira na wewe pia